Kukata Majani Jipe

Wenzangu, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya msichana ninayetaka kumwoa, mbele ya shangazi yake, na mbele ya ndege wengi ambao hata majina yao siyajui. Naandika tope halijatoka kwenye kucha. Nawaandikia ninyi mlioko huko Same kwenye mkonge kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine, maana huyo ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

(Elifasi, kuhusu vile viatu ulivyoniazima: soma taratibu, usiruke mistari.)

Mnajua habari yangu na Namsifu. Baba yake hajakubali wala hajakataa. Husema kijana ni mpole, lakini anatembea kama mtu aliye usingizini, naye hajui kama mtu wa namna hiyo ataweza kutunza mke. Basi leo sikukuu, hakuna kulima, nikaomba ruhusa nimpeleke Namsifu kutembea ziwani. Tangu utoto tunaliona Jipe kutoka huku juu Ugweno, limelala kule chini kama sahani iliyosahauliwa uani, lakini yeye hajawahi kuyagusa maji yake. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba Shangazi Nakunda aende nasi. Nilielewa. Shangazi ndiye macho yake. Atakalosema yeye jioni ndilo litakalokuwa.

Tukateremka alfajiri. Mimi mbele, kaptula ya kaki imenyooka kwa pasi ya mkaa, mundu kiunoni. (Msiulize mundu wa nini. Mtu wa kwetu akienda mbali bila mundu anajiona yuko uchi.)

Wenzangu, ziwa lile. Sijui niseme nini. Maji yametulia mpaka milima yetu imo ndani yake, kichwa chini. Kule mbali Kilimanjaro umevaa theluji yake. Matete yananong'ona, maua ya maji yamefunguka, na ndege mweupe wa miguu mirefu amesimama kwa mguu mmoja, anafikiri. Kiboko anapumua mahali fulani, hatumwoni, tunamsikia tu, kama mzee aliyelala baada ya kushiba. Nikasahau kuongea. Namsifu naye akasahau. Shangazi peke yake ndiye aliyesema kwamba hapa mbu wanafaidi.

Tukakaa chini ya mgunga, tukala ndizi za kuchoma, na shangazi akaanza kunihoji. Akauliza nyumba nitaiezeka kwa kitu gani, nikasema kwa bati. Akauliza bati lenyewe liko wapi, nikasema liko njiani. (Bado halijatoka kichwani mwangu.) Akachukua ndizi nyingine.

Ndipo nikaona majani.

Hamjasahau kwamba ng'ombe wetu haendi malishoni. Anakaa bandani, malisho ndiyo yanayomfuata, tena juu ya vichwa vya mama zetu. Na kiangazi hiki mama zetu wanayafuata mbali, halafu ng'ombe anaumaliza mzigo akiwa bado anamtazama aliyeuleta. Sasa hapa, mbele yangu, uwanja mzima wa majani mabichi, marefu, laini, na hakuna mtu anayeyagusa. Wenyeji wanayapita tu. Nikawaza, watu hawa wamelala. Nikawaza mama yake Namsifu akiuona mzigo huu. Nikawaza baba yake akimwona mama amefurahi.

Nikamwambia shangazi naenda kukata mzigo mmoja wa ng'ombe wa nyumbani kwao. Kwa mara ya kwanza leo, shangazi akatabasamu.

"Hapo," akasema, "umesema kama mtu mwenye nyumba."

Nikaingia. Chini palikuwa laini, panabonyea kidogo kama kitanda kipya cha majani ya mgomba. Nikafurahi tu. Nikakata, nikafunga mzigo mnene, nikaulalia nipumzike. Upepo wa mchana ukaanza. Nikatazama milima yetu, nikaota. Nyumba ya bati. Dirisha linalotazama ziwa. Namsifu anapika, mimi naimba. Milima ikaanza kutembea, polepole, kuelekea kushoto. Nikasema moyoni, kumbe mapenzi ndivyo yalivyo.

Kisha mgunga nao ukatembea. Na shangazi chini yake.

Wenzangu, haikuwa ardhi. Yalikuwa majani yanayoelea, yameshikana mizizi juu ya maji, na upepo ulikuwa umebandua kipande changu na kuondoka nacho. Mbele maji, nyuma maji. Kule ninakopelekwa ni Kenya, na stakabadhi ya kodi, ambayo askari huidai kwanza, nimeiacha nyumbani. Na kuogelea sijui. Nani Ugweno anajua kuogelea? Tungejifunzia wapi, kwenye mfereji wa migomba?

Nikasimama, mzigo kichwani. (Kwa nini kichwani? Usilowe. Ndivyo akili ilivyofanya kazi.) Shangazi akapaza sauti niutupe. Sikuutupa. Nikaona kifo changu kimesimama wazi, nikaamua kuaga vizuri, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

"Namsifu, usinisubiri! Olewa na mtu mwema! Ila Yoeli usimkubali!"

Yoeli ni yule karani wa baraza, mwenye baiskeli, mnamjua. Baada ya hapo nikaanza wimbo wa mazishi, ubeti baada ya ubeti, machozi yananitoka. Ufukoni Namsifu akakaa chini, akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nikazidi kulia kwa kuona anavyonililia.

Nilikuwa kwenye ubeti wa mwisho alipotokea mzee mmoja mvuvi nyuma ya matete, mtego wa samaki begani, kiko cha tumbaku mdomoni. Anakuja kwa miguu.

"Shikamoo," nikasema. (Adabu ni adabu.)

"Marahaba. Unaimba vizuri. Amekufa nani?"

"Bado. Ni mimi."

Akanitazama. Akautazama mzigo. Nami ndipo nikatazama miguu yake. Maji yalikuwa magotini.

"Shuka basi," akasema. "Unanifukuzia samaki."

Nikashuka. Magotini. Na chini ya maji kulikuwa na tope ambalo lilichukua kiatu cha kushoto likakataa kukirudisha. (Elifasi, cha kulia ni kizima kabisa.) Nikarudi ufukoni na mzigo wangu, mvuvi akinionyesha pa kukanyaga kama anayeswaga ndama. Namsifu akafunua uso. Hakuwa akilia. Alikuwa amecheka mpaka sauti imemwisha.

Shangazi hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alipanda mlima wote bila neno, mimi nyuma, maji ya majani yananitiririka mgongoni. Nikajua basi, nimemkosa Namsifu. Tulipofika kwao nikatua mzigo uani, yeye akaingia ndani kwa wazee, nikabaki nje na ng'ombe. Nilisikia anasimulia. Kisha baba yake akashikwa na kikohozi kirefu cha ajabu, na mama yake akatoka mbio kwenda jikoni ameziba mdomo.

Shangazi akatoka.

"Nimewaambia yote."

"Yote, shangazi?"

"Yote. Nimewaambia akili ya huyu kijana iko mawinguni, na ziwani asiende tena bila kushikwa mkono. Lakini nimewaambia na hili: alipodhani anakufa, hakumwita hata mama yake. Alimwita mtoto wetu." Akamtupia ng'ombe fungu la majani. "Jumapili walete wazee wako. Na uwaambie wapite nchi kavu."

Kwa hiyo nimekubaliwa, ndugu zangu. Mkitaka kucheka, chekeni huko huko kwenye mkonge; huku wanaocheka wametosha.