Kabati la Taa na Mashine Isiyohitaji Mlinzi

Jumatatu, 10 Juni 1974

"Mashine hii haihitaji mlinzi, inajichunga yenyewe." Maneno ya Otiende hayo, fundi mwenzangu, asubuhi ya leo, mbele ya maabara nzima. Upuuzi! Kitu gani duniani kinajichunga chenyewe? Nimesoma vitabu kuliko wote mle ndani na sijakutana nacho.

Daktari Nyasani, mkuu wetu mpya wa maabara ya mifugo, ameleta kabati la joto la stima. Maziwa ya ng'ombe wagonjwa hukaa humo kwa nyuzi thelathini na saba, vijidudu vikue, tuvitambue. Joto likipanda, inajizima. Likishuka, inajiwasha. Watu wakapiga makofi! Na kabati langu la zamani, la mbao, linalopashwa joto kwa taa ya mafuta? Lori litalibeba Jumatatu ijayo, likatupwe.

Miaka kumi na mitatu nimelichunga! Nikahutubu dakika arobaini. Daktari akasema nimletee ushahidi, si hotuba. Atauona.

Jumanne, 11 Juni

Nimekaa nalo kabati. Enzi zile! Ukungu wa Kisii umefunika dirisha, nami nimepiga magoti nakata utambi, moto uwe mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukizidi kidogo, vijidudu vinakufa. Ukipungua, vinalala. Nilisikia joto kwa kiganja kabla ya kutazama kipimajoto.

Kazi ilikuwa ya wawili. Mimi Msabato, Otiende Mkatoliki wa kule ziwani. Jumamosi taa ilikuwa yake, Jumapili yangu. Mkataba huo hatukuwahi kuuandika. Yeye aliniita Omogaka, mimi nilimwita Jaduong', kila mmoja akimwita mwenzake mzee kwa lugha ya mwenzake. Alikuwa akiniachia samaki juu ya kabati, wakae vuguvugu. Mke wangu Drusilla alimpelekea ndizi.

Leo tumepishana mlangoni. Hakuna salamu. Ametaka mwenyewe!

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa kwanza. Nimechunguza mashine kwa haki kabisa. Kila robo saa nafungua mlango, naangalia kama joto limetulia. Halikutulia hata mara moja! Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Mara moja thelathini na moja! Kabati langu sikulifungua, maana naliamini. Thelathini na saba kutwa nzima.

Nikapeleka hesabu kwa Daktari. Akauliza nimefungua mlango mara ngapi. Ishirini na tisa, nikasema, kwa fahari. Otiende akasema kwa sauti kwamba hata yeye, ukimfunua blanketi mara ishirini na tisa, utamkuta amepoa. Maabara ikaangua kicheko. Nimepigwa marufuku kugusa mpini wa mashine.

Hivyo ndivyo wanavyouogopa ukweli.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango wa pili, na huu hauna tundu. Mashindano! Maziwa ya ng'ombe mmoja, wa Mama Mong'ina wa Gesima, mwenye kiwele kilichovimba. Nusu kwenye mashine, nusu kwenye kabati. Kuanzia leo saa nne asubuhi hadi Jumapili saa nne. Milango imefungwa kwa gundi. Vipimajoto vinasomwa kwa nje, na taa inajazwa kwa nje. Kanuni nimeziandika mwenyewe, kurasa tatu. Daktari amekubali: kabati likishinda, lori litaondoka tupu.

Ndani nimetandika mabamba manne ya mawe kutoka machimbo ya Tabaka. Jiwe lile likipata joto haliachii upesi. Jana jioni niliyabeba kwenye basi. Kondakta akaniuliza, mzee, unaenda kujenga kaburi la nani? Nikamwambia, la mashine.

Ijumaa, 14 Juni

Balaa!

Saa kumi na moja na nusu jioni. Najaza taa, jua linashuka upande wa Mosocho, nafurahi kwamba Sabato inaingia nami nimemaliza kazi. Halafu nikasimama na debe mkononi. Kesho ni Jumamosi. Taa ikijazwa inawaka saa kumi tu. Nani ataijaza?

Kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kuwaza kwamba Jumamosi nayo ina taa!

Drusilla akasema, Baba Mogire, si umwombe Otiende? Nyumba yake iko hapo tu. Nimwombe adui anishindie? Sithubutu! Nimejaza mpaka mafuta yakamwagika. Nimelikabidhi kabati kwa Mungu. Jua limezama, naweka kalamu.

Jumapili, 16 Juni

USHINDI!

Nimefika alfajiri, mbio. Taa inawaka! Ulimi wa moto kama ukucha! Thelathini na saba kamili! Na mashine? Ina kalamu inayojichorea joto lake, na kalamu hiyo inaungama: jana stima ilipotea saa tano hadi saa tisa, joto likaanguka hadi ishirini na sita. Saa nne tukafungua milango: visahani vyangu vya maziwa vimejaa vijidudu. Vya mashine vina madoa mawili matatu ya aibu.

Taa ya saa kumi imewaka saa thelathini na sita, bila mkono wa mtu. Maana yake nini? Kabati langu ndilo linalojichunga lenyewe! Nimeandika kurasa tano kuthibitisha.

Jumatatu, 17 Juni

Nikasoma kurasa zote tano. Daktari akauliza swali moja: mafuta aliongeza nani?

Otiende akakohoa. Akageuza karatasi yangu ya vipimo. Nyuma yake, kwa mwandiko wake: Ijumaa saa nne usiku, Jumamosi saa moja, saa sita, saa kumi, saa tatu usiku. Thelathini na saba. Thelathini na saba. Zote!

Daktari akamuuliza kwa nini alimsaidia mpinzani. Otiende akajibu, Jumamosi ni zamu yangu, nani ameniondoa? Kisha akanitazama. "Omogaka," akasema, "utambi ule umeisha, nimeweka mpya."

Nikapangusa macho. Moshi wa taa, bila shaka.

Daktari akatoa hukumu: kabati libaki, stima ikipotea litumike, mimi na Otiende tulichunge kwa zamu kama zamani. Lori likawasha injini kuondoka. Nikalizuia! Libaki kwa huruma? Kwa mkono wa mpinzani? Mkataba ule wa Jumamosi umevuruga kanuni zangu, kurasa zote tatu! Nikadai mashindano yarudiwe. Daktari akashusha pumzi ndefu, akasema sawa. Lakini taa ikizimika safari hii, lori halitaulizwa tena.

Basi sikieni, ninyi mafundi wote wa maabara: Ijumaa jua likizama, mtu yeyote asikaribie taa ile hadi Jumapili. Na wewe, Otiende, nakudai hili kwa jina lako: Jumamosi kaa nyumbani kwako, ule samaki wako, utuachie kabati lishinde lenyewe!