Motokaa ya Bwana Seif na Ukurasa wa Picha Tano

Kabla hamjaipata habari hii kwa watu wa Darajani ikiwa imetiwa chumvi, bora mnisikie mwenyewe. Leo nimefukuzwa na motokaa. Nimeadhirika, tena mchana kweupe, Mnazi Mmoja, na bwana wangu akiwa ndani yake.

Nitilieni kahawa kwanza.

Yote yameanzia kwenye lile gazeti la Kizungu la motokaa. Mnalijua. Swahibu yangu Feruzi, mpishi wa daktari Mwingereza, huniletea kila daktari akishamaliza kulisoma. Kwao hutoka kila wiki, huku meli ya barua inatushushia kwa mafungu. Feruzi anasema lilianza zamani, wakati hata Waingereza wenyewe wakizicheka motokaa na kuwazomea wanaozipanda. Mimi ninayo mpaka yale makuukuu. Ya mwanzo yana picha za gari la farasi lisilo na farasi, mtu kakaa juu utadhani anamngoja arudi. Kidogo kidogo magari yakaota pua, yakapata taa, yakapata paa. Nimeyaona yakikua kama watoto wa jirani. (Kusoma najua kwa chuoni tu, kwenye Kurani, khati ya Kiarabu. Kizungu sikijui hata herufi moja. Lakini picha ni picha.)

Na nyinyi msijitoe. Barza hii nzima imeharibiwa na gazeti hilo. Nani hapa aliyenuniana na shemeji yake juu ya magurudumu ya mpira, na sote hatujapata kuiona motokaa kwa macho? Hata Bwana Seif, niliyemwendeshea gari lake la farasi miaka kumi na moja, siku nilipomwonyesha picha moja tu, alilichukua gazeti langu na hakulirudisha. Haukupita muda akaagiza ya kwake.

Hapo ndipo roho ilipoanza kunienda mbio, maana farasi aliuzwa. Bwana Seif akaniita.

"Mbaruku."

"Naam, Bwana."

"Motokaa inakuja na meli ijayo. Utaweza kuiendesha, au niandike barua Bombay niletewe dereva?"

Mtu mkweli angesema hawezi. Lakini mimi nina mke, nina mama, nina watoto wanne, na kazi ninayoijua duniani ni moja, kushika hatamu. Nikasema, "Inshallah nitaweza, Bwana. Nnajifunza kwenye gazeti lake."

"Haya. Siku ya kwanza nitapanda mwenyewe. Ukishindwa, barua inakwenda."

Nikarudi kwenye magazeti yangu. Gazetini mna ukurasa mmoja wenye picha tano kwa mstari, mzungu mwenye kofia anaonyesha namna ya kuondoka na motokaa. Nikauchana, nikaukariri kama juzuu, macho nimefumba na mke wangu ananisahihisha. Picha ya kwanza, mzungu kakaa kitini, anausukuma mkono wa breki mbele, na mkono wake mwingine anawapungia watu. Ya pili, anautia mkono wa gia. Ya tatu, kashuka, yuko mbele ya gari, anazungusha chuma cha kuiamshia mashine. Ya nne, anairudisha gia katikati. Ya tano, anavuta breki. Basi. (Nilishangaa kidogo kwa nini anapunga kabla hajaiamsha. Nikasema Waingereza ni watu wa adabu, wanaaga mapema.)

Leo asubuhi mahamali wakaisukuma kutoka forodhani mpaka uwanja wa Mnazi Mmoja, kwani vichochoro vyetu haviipitishi. Watu wamejaa tele. Bwana Seif kavaa joho, kapiga kilemba kipya, kakaa kiti cha nyuma. Karani mmoja wa forodha, Mgoa wa Uhindi, aliyeleta karatasi za gari, kasimama pembeni. Mimi kanzu imetota jasho na jua hata halijapanda.

"Uko tayari, Mbaruku?"

"Naam, Bwana." (Sikuwa.)

Nikapiga bismillahi. Nikakaa, nikasukuma breki, nikawapungia watu. Wakanipungia. Nikatia gia. Nikashuka, nikaenda mbele, nikakishika chuma. Nikazungusha mara ya kwanza, kimya, ila gari lilinisogelea kidogo. Nikaona limenipenda. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likanguruma, nami nikageuza uso niwaone watu wanavyonitazama.

Wallahi sijasimama sawasawa, limenijia.

Mwenye akili zake angekwepa pembeni. Mimi nikageuka nikakimbia mbele yake, moja kwa moja. Motokaa inakwenda sawa, na mimi nnakwenda sawa. Kanzu nimeikunja mpaka magotini, kofia imeanguka, na sauti yangu ikatoka yenyewe kama ya hamali mwenye gunia la karafuu kichwani: "Simila! Simila!" Watu wakapisha. Mbuzi wakapisha. Nyuma yangu namsikia Bwana Seif anaibembeleza motokaa, "Hoo, hoo, taratibu," kama yuko na farasi wake. Halafu akaacha kuibembeleza, akaanza kusoma shahada.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mzee wa watu, miaka yote hiyo sijamdondosha hata siku moja, leo namwua kwa kujitia najua.

Mbele nikaliona hori, ule mkono wa bahari. Maji yametoka, tope tupu. Nikajitupa pembeni (akili ilikuja, ila ilichelewa). Motokaa ikanipita, ikateremka topeni mpaka kitovu cha gurudumu, ikakohoa, ikanyamaza. Bwana Seif kakaa vilevile, kakishika kilemba kwa mikono miwili, tope limemrukia mpaka ndevuni. Mzima, alhamdulillahi.

Yule karani akaja mbio.

"Nani kakufundisha wewe?"

Nikautoa ukurasa wangu mfukoni. Nikamwonyesha nilivyofuata, kidole kwenye picha ya mwisho kulia, nikaja nacho kushoto, moja baada ya moja, kama tulivyosomeshwa chuoni sote. Karani akakitazama kidole changu. Akalitazama gari lililo topeni.

"Kizungu huanzia kushoto," akasema. "Hiyo uliyoanza nayo ndiyo ya mwisho. Kwanza unavuta breki, gari lisiende. Mkono unapunga ukiwa nshaondoka... ukiwa umeshaondoka."

Alitaka kusema Kiunguja kama sisi, ulimi ukamtereza. Lakini hilo hakuna aliyelicheka. Walinicheka mimi. Maana kosa langu alilisema kwa sauti ya forodhani, ya mtu aliyezoea kuita mizigo, na Mnazi Mmoja nzima ikasikia kwamba Mbaruku kasoma motokaa kinyumenyume. Nimewaona watu wazima wakikaa chini kwa kicheko. Mwuza kashata kamwaga sinia lake na hakujali.

Wakaleta ng'ombe wawili wa mkokoteni kuivuta. Mimi nikamwendea Bwana Seif.

"Nisamehe, Bwana. Andika barua Bombay."

"Naiandika leo leo," akasema, huku akijifuta ndevu. Akakung'uta tope kwenye joho lake, mkunjo kwa mkunjo. Nikawaona mke wangu, mama yangu na wanangu wanne wamepanga mstari mbele ya macho yangu. "Ila wewe usende popote. Njia zetu zimejaa watu na mbuzi na mizigo. Leo ulipokimbia mbele, uwanja mzima ulifunguka kama umefagiliwa. Dereva atakaa kitini. Wewe utatangulia mbele, upige simila."

Nikasema "Naam, Bwana" mbiombio, asije akabadili nia.

Basi kazi ninayo. Dereva wa Bombay akifika, mtaniona napita hapa nimekunja kanzu, motokaa iko kisogoni. Kucheka chekeni, siwazuii. Lakini pisheni kwanza, maana nitakuwa sisimami.