Babu Katokea Kanada

Jumatatu, 30 Oktoba

Hili sijamwambia mtu, hata padri: naogopa vipepeo. Mimi, Otilia, Mmazahua wa huku Meksiko, niliyezaliwa chini ya mlima ambako wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Akinipitia mmoja karibu na sikio, naganda kama kigogo. Na wiki hii wanafika. Mamilioni.

Na leo nimejitolea kuwafundisha watoto habari zao.

Sijarukwa na akili. Don Wulfrano, mwenyekiti wa kamati ya msitu wetu, anatafuta kijana wa kuwaongoza wanafunzi mlimani hadi Machi. Kazi ya koti la kijani na filimbi. Anayeitaka afundishe darasa la nne, yeye atasikiliza. Baba kasema nikiikosa, Jumamosi naenda mjini Toluca kwa shangazi Herminia, kukanda unga wa mahindi dukani kwake mpaka nizeeke. Shangazi huyo anaweza kukoroma na kugomba kwa wakati mmoja.

Mpinzani ni binamu yangu Leobardo. Sauti ya mnadi. Yangu, nikisimama mbele za watu, inaingia mvunguni. Kaniambia nikianza kufundisha watoto watadhani tunamwombolezea mtu.

Tutaona. Nitafundishia ndani, kwa picha. Mlimani aende yeye.

Jumanne, 31 Oktoba

Leobardo kaanza. Kipaza sauti, Kihispania cha redioni, tarakimu nyingi. Watoto wakapiga miayo mpaka nikaona makoo yao. Siku njema.

Zamu yangu. Kihispania kikanikauka. Mtoto akauliza kama naumwa. Nikageukia Kimazahua, kama naongea na kuku wetu, na sauti ikatoka! Nikawaambia vipepeo hawa wanatoka Kanada.

Akasimama Nabor, asiye na meno ya mbele. Kasema samahani dada, lakini vipepeo ni wafu wetu wanarudi nyumbani kwa sikukuu ya wafu, kila mtu anajua. Babu yake kazikwa pale nyuma ya kanisa. Kanada alifuata nini?

Don Wulfrano kasimama dirishani, anangoja jibu. Nikimpinga Nabor, nimemtukana babu yake. Nikimkubali, somo limekufa. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba wafu nao huenda kuwaona watoto wao, waliokwenda huko kuchuma nyanya.

Darasa likashusha pumzi. Nusu yao wana baba huko. Jovita, mdogo kuliko wote, akasema ndiyo maana babu huchelewa: anapita kwanza kwa baba.

Nikatia na ya kweli. Anayeondoka hapa Machi harudi. Huzaa njiani, na wanawe huzaa, na anayefika Novemba ni kitukuu. Mlima hajawahi kuuona, lakini njia anaijua. Jovita akafikiri, akasema, "Kumbe vitukuu hao ni sisi."

Hilo sikulipanga. Kuanzia leo ni langu.

Nikamalizia na msonobari: ndio kitanda chao. Ukikatwa, baridi inawaua. Nabor akauliza, mara ya pili? Nikasema ndiyo, mara ya pili.

Jumatano, 1 Novemba

Nimekwisha.

Don Wulfrano kapanda mlimani na shoka, kukata msonobari mchanga wa kutengeneza upinde wa kupamba meza ya sadaka ya wafu wake, kama kila mwaka. Kakuta darasa la nne limeuzunguka, limeshikana mikono, na tamali za moto, mikate ya mahindi ya kuwapokea wasafiri, zimepangwa chini. Nabor kamwambia kwa adabu zote: "Samahani Don, hiki kitanda cha mama yako." Marehemu alizikwa Februari.

Nikaitwa. Mwalimu wao, Edelmira, kanikokota mlimani kama mbuzi wa sadaka. Nyuma, Leobardo ananiuliza kama shangazi Herminia ana aproni ya saizi yangu. Njiani nikatunga utetezi mzuri: watoto walinielewa vibaya, sina hatia, aadhibiwe Nabor.

Nikafungua mdomo. Jua likatoka. Wakaja.

Kwanza mmoja, kisha anga zima likawa rangi ya chungwa. Mmoja akatua puani kwangu. Nikawa jiwe. Kupumua siwezi, sembuse kujitetea. Jovita akawanong'oneza wenzake: tazameni dada Otilia, hivyo ndivyo wanavyopokewa. Darasa zima likawa jiwe. Mwalimu akawa jiwe. Leobardo akaanza kueleza urefu wa safari, na watoto wote wakamwambia shhh. Vipepeo wakatua vichwani, mabegani, juu ya tamali.

Don Wulfrano kalaza shoka majanini taratibu. Kavua kofia. Kauliza kwa sauti ndogo, mama yangu ni yupi? Nabor kamwonyesha aliye mnene kuliko wote. Mzee akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, kasema ndiye.

Alhamisi, 2 Novemba

Koti ni langu! Mikono yake inameza vidole, lakini ni langu. Don Wulfrano katangaza makaburini, mbele ya kijiji kizima, kwamba hajaona anayefundisha kwa utulivu kama ule. Upinde wake mwaka huu ni wa mabua ya mahindi, na wa kila nyumba mwakani vivyo hivyo. Baba keshampigia shangazi Herminia kumwambia siendi. Leobardo kanipa mkono kama anashika samaki aliyeoza.

Yote niliyapanga mwenyewe, hatua kwa hatua.

Kisha Don Wulfrano kauliza nani atawafundisha watoto habari za nyuki, maana mizinga mipya imefika. Asiyeweza nyuki koti atarudisha, kazi ni moja. Leobardo akaanza kuinua mkono. Wangu ukamtangulia. Nikasema nimekua na nyuki, wananijua kwa jina.

Nyuki, Mungu wangu. Wenye sindano.

Hakuna neno. Nitamshawishi kwamba nyuki hufundishwa vizuri kwa mbali: watoto na mimi ng'ambo hii ya bonde, mizinga ng'ambo ile. Leobardo, akiwa mizingani, atatupasha taarifa kwa kipaza sauti chake. Mpango hauna kasoro.

Kuna hatua uani. Don Wulfrano. Anamwambia mama kamletea mwalimu mpya wa nyuki zawadi, ishikwe wima, isitikiswe. Mbona inavuma? Daftari chini ya gunia la mahindi, upesi, anagusa kitasa...