Mpira wa Petroli na Kitanda cha Dada

Jumatatu, 5 Agosti

Mtaa huu ukiniondoa mimi, kinachobaki ni nguzo za umeme na mbwa wa mama mwenye nyumba. Sijisifu. Ni jambo linalojulikana, ila watu wanaona haya kulisema. Wote wananiita Mjomba, hata wenye mvi kunizidi. Mtu haitwi Mjomba na mtaa mzima hivi hivi tu.

Leo nimekwenda hospitali kumwona dada yangu. Wamempasua jicho. Amefungwa kitambaa cheupe upande mmoja, lakini ulimi hawakuugusa. Daktari kasema Ijumaa ruksa kutoka, ila asiiname, asipike, na asikae peke yake mpaka jicho lipone. Kabla daktari hajafunga mdomo nikawa nimeshasema: anakuja kwangu! Chumba kipo, kitanda kipo, gari lipo.

Mkwe naye alikuwepo. Huyu ni mume wa binti wa dada, mhasibu, shati lake halijakunjamana tangu azaliwe. Akakohoa kwa adabu. Akasema hata kwao nafasi ipo, na gari lake lina kiyoyozi. Kiyoyozi! Nikamjibu langu lina madirisha manne na yote yanafunguka. Moja limekwama, lakini yeye yuko wodini, atalionea wapi?

Dada akasema angependa kuja kwangu, maana kwa binti yake wajukuu watamrukia jicho. Nikavimba kifua. Halafu akaongeza: lakini gari lako linanuka petroli, wewe mtoto. Siku ile uliponipeleka sokoni nilikohoa mpaka nikasahau nilichofuata. Ijumaa nikisikia harufu tu, napanda la Mkwe.

Nikamwambia hiyo ni harufu ya injini yenye nguvu. Akasema basi kaipunguze nguvu.

Nimerudi, nimetandika kitanda cha chumba cha pili. Shuka mpya. Sabuni mpya ya waridi juu ya stuli, na taulo nimelikunja kama la hotelini. Nikakaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Chumba kimependeza. Kina mwangwi tu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefungua boneti. Kosa nimeliona papo hapo, jicho la mtaalamu! Mpira unaopeleka petroli kwenye injini umepasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Ukiubonyeza unatoa jasho. Harufu yote ni hapo.

Nikavuka barabara kwenda gereji kwa Fundi Baadaye. Jina kalipata kwa kazi yake: mpelekee chochote, atakwambia baadaye. Leo, kunikomoa tu, hakulisema. Akaja, akachungulia, akasema: Mjomba, lisukume mpaka gerejini sasa hivi, nakubadilishia kabla chai yangu haijapoa.

Nikakwama. Juzi tu, pale pale gerejini, niliwasimulia nilivyofufua injini ya treni kwa mkanda wangu wa suruali, abiria wakinipigia makofi, nami nimeshikilia suruali kwa mkono wa pili. Sasa mtu wa treni ampelekee Fundi Baadaye kimpira cha urefu wa kiganja? Na Mkwe akisikia je? Nikamwambia nilikuja kumjulia hali tu. Akasema hali yake njema, ya kwangu ndiyo inadondoka. Gereji nzima wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikavuka tena, nikakaa nao mpaka wakaanza kufunga milango. Tumepiga soga nzuri sana. Niliyepiga ni mimi, wao walikuwa wanakusanya spana.

Mpango wa kwanza: sabuni! Dereva yeyote wa zamani anajua sabuni inaziba petroli. Wenzangu hutumia sabuni ya mche, lakini sikuwa nayo. Nikamega kidogo ile ya waridi. Nikaikanda, nikaipaka. Haikutosha. Nikaimega tena. Mwisho nikaimaliza.

Sasa gari linanuka petroli na waridi. Mama mwenye nyumba kapita, kasimama, kauliza msiba uko nyumba gani.

Jumatano, 7 Agosti

Sabuni imedondoka yote. Injini ilipopata moto tu, ikajiachia. Hawatengenezi sabuni kama zamani.

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Mpira ni mpira. Kama maji yanapita, petroli itashindwaje? Mama mwenye nyumba ana mpira wa kumwagilia maua, wa kijani, mrefu kuliko shida zake. Nikasubiri atoke. Nikakata kipande mwishoni. Mbwa aliniona, lakini huyo tunaelewana.

Kazi nimeifanya nikiwa ndani ya koti langu la kijivu. Fundi wa hadhi yangu havai ovaroli. Nikachomoa mpira wa zamani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba petroli hukaa humo ndani ikimsubiri mtu! Ilinishukia mkononi, ikaingia kwenye mkono wa koti, ikateremka hadi kwapani. Kwapa likawaka moto. Niliruka ruka pale kama niliyepata habari njema. Jirani wa pili akanipungia mkono kutoka dirishani. Nikampungia na mimi, ule usiowaka.

Nikaufunga mpira wa kijani kwa waya. Nikawasha. Likanguruma! Halikuvuja hata tone. Nimezunguka mtaa nikipiga honi ili watu wajue. Aliyetoka kuangalia ni mbwa tu.

Jioni sikuthubutu kuwasha jiko na mwili huu ulioloa petroli. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimekaa kizingitini, upepo unipige. Waliopita walinisalimia wakiwa upande ule wa barabara. Nikawaambia karibuni. Wakasema asante, siku nyingine.

Si kitu. Keshokutwa nitakula na mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Aibu. Lakini si kubwa.

Asubuhi nimeliwasha gari lipate joto, nikaliacha linanguruma, nikaenda kunawa uso. Narudi, limezima. Chini kuna kidimbwi. Nafungua boneti: ule mpira wa kijani umelainika, umevimba, umechomoka kwenye waya na kulala pembeni kama utumbo wa kuku. Petroli imetapakaa mpaka kwenye maua ya mama mwenye nyumba.

Mtu mmoja akapiga kelele kwamba kuna moto. Moto haukuwepo, lakini neno likishatoka nani alirudishe? Wakaja wote! Fundi Baadaye mbele na ndoo ya mchanga, anamwaga huku ananitukana kwa heshima: Mjomba wangu wewe, mzee wangu, unataka kututia wote jikoni? Nyuma yake gereji nzima, jirani wa pili, mwuza vocha, na watu ambao sijawahi hata kuwaona. Mtu kaleta benchi. Wengine wakatoa viti vyangu mimi, bila kuuliza. Nikakaa katikati. Nikawaeleza kwamba petroli ya siku hizi ina dawa kali, imechanganywa makusudi kuwakomoa wenye magari madhubuti. Mwuza vocha akasema kweli kabisa, Mjomba. Niseme wazi: ilikuwa asubuhi nzuri.

Ikaharibika mama mwenye nyumba alipokifikia kile kipande. Akakiokota kwa vidole viwili. Akakitazama. Akatazama mpira wake. Akaviweka pamoja, mwisho kwa mwisho, mbele ya watu. Sikusikia yote aliyosema kwa sababu nilikuwa namsaidia Fundi Baadaye kuangalia.

Fundi kaleta mpira wenyewe, mweusi, mnene, wa petroli hasa, na klipu mbili. Kausukuma huku na huku, kakaza kwa bisibisi, kapangusa mikono. Kwisha! Chai yake kweli ilikuwa bado inatoa mvuke. Nikamwambia ndivyo nilivyotaka kufanya mimi. Akasema anajua.

Halafu wakaondoka wote pamoja, jinsi walivyokuja. Viti vyangu nimevirudisha ndani mwenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti

Gari linanuka vitambaa vya viti tu. Nimeingiza kichwa kila pembe, nimevuta pumzi mpaka kizunguzungu. Safi! Nikavaa koti la kijivu, maana ndilo nililonalo la kwenda mbele za watu. Nililianika kwenye kamba tangu jana. Mimi sikusikia kitu.

Hospitalini nikamkuta Mkwe ameshafika. Eti kwa tahadhari tu. Nikamwonea huruma.

Nikamfungulia dada mlango, akaingia polepole, nikamfunika miguu kwa kitenge chake, nikaenda kupakia begi kwenye buti. Nikamsikia ananusa. Mara moja. Mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Kisha akasema kwa sauti, na Mkwe akasikia: haya, mdogo wangu, umefanya kweli! Leo ningeweza kulala humu.

Nadhani sijawahi kufunga buti kwa furaha namna ile.

Nikazunguka, nikaingia, nikakaa kwenye usukani, nikafunga mlango.

Dada akakohoa.

Akageuka akanitazama kwa lile jicho moja. Akakohoa tena, akajiziba pua kwa kitenge. Nikamwambia avumilie kidogo, pengine ni gari la jirani. Akasema gari la jirani halijavaa koti. Nikavua koti. Likawa shati linalonuka. Nikasema nitaendesha nimetoa kichwa nje. Nikazungusha mkono wa dirisha. Lile lililokwama ni la upande wangu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akanigusa shavu akasema: gari limepona, anayevuja sasa ni wewe. Jicho langu linawasha, siwezi. Kaoge, mdogo wangu. Kaoge sana.

Mkwe akambebea begi. Hata hakucheka, mshenzi yule. Akaniuliza kama nitafika salama, Mjomba.

Nikawafuata nyuma. Si kuwafuata, kuwasindikiza. Magari mawili ni msafara. Nikawasha taa mchana kweupe ili watu wajue ni mgonjwa wetu. Wakafika njia panda wakakata kushoto, Mkwe akapiga honi kidogo ya asante. Mimi ni kulia.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeoga mpaka ngozi imekunjamana. Nimenunua sabuni ya mche, maana ile nyingine mnajua ilikoishia.

Dada amepiga simu. Yuko vizuri, wajukuu wameshamrukia. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula na wageni wengi. Akasema jicho likifunguliwa atakuja kukaa wiki, kama sitakuwa nanuka. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Kitanda nimekiacha vile vile.

Nilipotoka nje Fundi Baadaye akaniita kutoka ng'ambo, akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia hospitali nzima walitoka kunipokea, daktari mkuu akauliza nani amelitengeneza gari hili. Akasema ahaa. Halafu akasema breki zako zinapiga mayowe, Mjomba, nimezisikia ulivyokuwa unarudi. Lilete, ni kazi ya muda mfupi.

Nikamcheka. Breki nazo nimpelekee yeye? Kitu kinapolia namna ile ni ukavu tu, mtoto mdogo analijua hilo. Ndani nina mafuta ya kupikia, chupa haijafika hata nusu. Kesho asubuhi nazimiminia vizuri pande zote, na dada akija atapanda gari lisilotoa hata mlio. Na Mkwe atalipanda, akitaka, aone.

Jambo moja, na sitalirudia. Jana niliporudi, kabla sijatoa ufunguo mfukoni, nilipiga hodi mlangoni kwangu. Nikasubiri kidogo. Halafu nikaitikia mwenyewe, karibu, kwa sauti ya chini, mama mwenye nyumba asisikie.