Tangi la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe anakuja Jumamosi. Mke wangu kaniambia nikiwa na kikombe mdomoni. Mzee anataka kuisikia pikipiki yake. Nilimeza chai ya moto bila kupenda.

Maelezo kwa ajili ya kumbukumbu, maana mimi ni karani wa masjala na napenda kila jambo liwe na jalada lake. Pikipiki ni ya mzee. Aliiendesha miaka ishirini na sita. Ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali siku mke wangu alipozaliwa. Umri ulipomtupa mkono akanikabidhi mimi, wala si mwanawe wa kiume, ambaye ni fundi pikipiki. Shemeji hajanisamehe hadi leo. Kila mzee anapopiga simu huniuliza inaendeleaje, nami humjibu kwamba naenda nayo kazini. Ukweli ni kwamba ina miaka minne bandani, chini ya turubai, na kuku ametagia kwenye kiti chake.

Jioni nikafungua kifuniko cha tangi, nikamulika kwa simu. Kutu tupu, magamba kwa magamba. Petroli iliyobaki imekuwa nzito kama uji na inanuka rangi iliyooza.

Shemeji akatokea, kana kwamba kuna mtu kampigia filimbi. Akachovya kidole, kikatoka chekundu kama tofali. Akasema nimpe tangi kesho, Alhamisi ataniletea likiwa safi. Kisha amwambie mzee kwamba yeye ndiye kalisafisha? Hapana. Nikamwambia nina njia yangu. Akauliza njia gani. Nikasema ya kitaalamu.

Sikuwa na njia yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana. Mwenzangu kazini, tunayemwita Mihuri kwa kuwa hakuna karatasi inayompita bila kugongwa, anasema siki hula kutu. Unajaza tangi, unaliacha siku nzima, unamwaga. Alisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini sikuwa na muda wa kuchagua mtaalamu.

Siki ipo. Mke wangu ni msusi, saluni yake ni chumba chetu cha mbele, na ana dumu zima la kusuuzia nywele za wateja. Alipokwenda sokoni nikalimimina lote kwenye tangi. Nilisahau kwamba chini ya tangi kuna koki ya mafuta, na kwamba koki ilikuwa wazi. Siki ya kwanza ikaishia kwenye suruali yangu ya kazini. Nikaing'oa koki, nikaziba tundu kwa kipande cha kandambili. Ya mke wangu. Zangu bado nzima.

Dumu nikalijaza maji. Tangi nikalificha nyuma ya kochi, shemeji asilione.

Jumatano, 5 Machi

Kandambili haizibi vizuri. Zulia la sebuleni lina doa lenye umbo la figo. Nikavuta kochi juu yake. Sasa kochi linatazama ukuta kidogo, ila hakuna aliyesema kitu.

Saluni si shwari. Mke wangu kanusa dumu, kaonja, kaniuliza kwa nini siki yake haina ukali. Nikamwambia wenye maduka siku hizi hawana haya. Nilidhani yataishia hapo. Akabeba dumu lake hadi dukani na kumsomea mwenye duka makosa yake mbele ya wateja. Mwenye duka ni mtu mpole. Akaomba radhi, akampa dumu jingine bure.

Nilijisikia vibaya sana. Halafu nikaona tangi limepungua kwa kule kuvuja, nikaongeza kutoka dumu jipya. Nusu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Siki imetoka nyeusi kama wino. Kutu laini imekwenda nayo, ngumu imebaki imeng'ang'ania. Mihuri anasema hapo ni kutia nati na kutikisa. Nikatia nati viganja viwili, nikatikisa. Baada ya dakika tano kiuno kikagoma.

Wazo lilinijia nikiwa nimelala chali sakafuni. Kiwanja cha pili wanajenga, na wana mashine ya kuchanganya zege. Inazunguka yenyewe. Nikalifunga tangi kwenye blanketi la wageni na mito miwili, nikalikaza kwa kamba, nikaenda. Msimamizi wa ujenzi akasema ameona mengi kazini ila si hili. Nikamwambia ni tangi la baba mkwe. Naye ana mkwe. Akawasha.

Dakika tatu za kwanza ilikuwa raha kutazama. Ya nne kamba ikalegea. Ukatoka mto, ukatoka wa pili, likatoka blanketi, tangi likabaki peke yake mle ndani likijigonga huku na huku. Waashi wote waliacha kazi. Msimamizi alipofanikiwa kuzima, tangi lilikuwa na mabonde tisa. Asubuhi lilikuwa na moja.

Ila ndani linang'aa kama kijiko kipya. Nasisitiza hili hapa kwa sababu sioni nitakapolisema kwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimechukua ruhusa kazini. Nimetoa nati, nimelisuuza tangi kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, kisha kwa maji safi. Kazi imekwisha. Nikaona si vibaya kupita gereji kwa shemeji kumwonyesha picha kwenye simu. Picha ya ndani tu.

Akaitazama sana. Akaniuliza kama nimelikausha na kulipitishia oili, kwa sababu chuma kilichotoka kuvuliwa kutu kikibaki na maji hushika kutu nyingine papo hapo. Nikamwuliza kwani ananionaje. Nikarudi nyumbani kwa mwendo ambao watu waligeuka kuutazama.

Rangi ya chungwa. Pande zote.

Nikaketi kwenye kizingiti cha banda. Mke wangu akaja kusimama mbele yangu. Alishajua yote: kandambili, zulia, madumu, mashine ya zege. Msimamizi ana mke, na mke wake anasukwa kwetu. Nikangoja kufokewa. Hakufoka.

"Unajua kwa nini Baba anakuja?" akaniuliza.

Nikasema kuiona pikipiki.

"Kuisikia. Kuiona hawezi tena. Macho yanakwisha, daktari amemwambia hata huo mwanga kidogo utaondoka. Hakutaka uambiwe, hapendi kuonewa huruma."

Kuku akapita. Nikamwambia basi ampigie ndugu yake. Akanyoosha simu yake na kusema nipige mimi.

Shemeji hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama siki ipo. Nikasema nusu dumu.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alililoweka tangi tangu jana jioni. Leo alfajiri amelimwaga, amelisuuza, amelikausha kwa draya ya saluni saa nzima, akazungusha ndani petroli yenye oili hadi oili ikaenea kote. Kabureta na chujio pia kavisafisha. Mimi nilishika waya wa draya. Bila waya draya haifanyi kazi.

Mzee alifika saa nane mchana, mkono begani kwa binti yake. Nikampa shikamoo, akaitikia huku akitazama pembeni kidogo ya mahali nilipo. Tukampeleka bandani. Akaweka kiganja kwenye tangi. Vidole vikatembea, vikasimama kwenye bonde la kwanza. Nikatazama viatu vyangu.

"Hapa nilianguka na mama yenu," akasema. "Darajani, siku ya mvua."

Vidole vikasogea hadi bonde la pili, lililopatikana juzi. Akafikiri. Akasema hapa ni alipogongana na mkokoteni wa muuza maji. La tatu ni lile la mbuzi. Akaendelea hivyo bonde kwa bonde, yote tisa, kila moja na siku yake, na mke wangu akicheka hadi akafuta macho. Shemeji alinitazama. Hakuna aliyemsahihisha.

Shemeji akapiga kiki. Ya pili ikawaka. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesomewa barua. Kisha akasema nimpakie hadi mwisho wa barabara, mimi niliyeizoea.

Nikampakia. Gia ya kwanza mwendo mzima. Ilinizimikia mara mbili kwenye kona. Tulipokaribia nyumbani akaniinamia sikioni.

"Wewe hujaiendesha hii."

Nikasema ni siku chache hivi.

"Miaka minne. Binti yangu huniambia unakwenda kazini kwa miguu. Nilikuwa nauliza ili nisikie leo utasema nini." Akanigonga bega polepole. "Siku nyingine sema tu ukweli. Mimi ni baba yako, si polisi."

Nikapangusa macho kwa mkono mmoja. Vumbi lilikuwa jingi sana. Nikaapa pale pale, kwenye gia ya kwanza, kwamba mzee huyu sitamdanganya tena, wala mtu mwingine yeyote.

Jumapili, 9 Machi

Mzee kafika kwake salama. Kapiga mwenyewe kushukuru. Mazungumzo mazuri, ya baba na mwana. Nilikuwa mtu mpya.

Katikati ya maneno akataja jenereta lake, ambalo halijawaka tangu mwaka juzi. Akauliza, kwa kuuliza tu, kama nina ujuzi wowote wa majenereta. Kisha nikamsikia mtu akimwambia kwamba lile la ofisini hulifungua na kulifunga mwenyewe kila mwezi. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mzee akakohoa kidogo. Akasema vizuri sana, basi atalituma kwa gari la mizigo, litafika Jumatano.

Ofisini kwetu hatuna jenereta. Nimeshalitengea nafasi bandani. Shemeji asiambiwe.