Kivuli cha Umeme cha Chang'ombe

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Kivuli kimekwama. Nusu nje, nusu ndani, kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari.

Naandika nikiwa mtulivu. Miezi mitatu iliyopita nilipunguzwa kazini, baada ya kutunza stoo ya shirika miaka kumi na minane. Wenzangu walinunua mabati, cherehani, mashine za kusaga. Mimi nilinunua tela. Tela la kulala, la mhandisi wa Kizungu aliyemaliza barabara yake akarudi kwao. Lina madirisha, jiko, kabati, na ubavuni kuna turubai la mistari ya kijani linalojikunjua lenyewe ukibonyeza swichi. Nililiegesha hapa Chang'ombe, kwenye kiwanja cha baba mkwe, na mke wangu Yusra akaanza kuuza pilau na sambusa. Ng'ambo ya barabara yupo Matonya na banda lake la chai, la miti na nyasi. Banda la karne iliyopita.

Leo wateja wa Matonya waliomba kuona kivuli kikifunguka. Nikawaonyesha mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili kikafa katikati.

Tatizo ni Jumamosi. Bi Zuleha, mkuu wa utumishi katika ofisi moja ya Area D, analeta wageni arobaini kula chakula cha mchana. Wakiridhika, Yusra atapikia ofisi nzima kila siku ya kazi. Tangu apate habari hizo anaimba akichambua mchele. Ameniuliza kivuli kina nini. Nimemwambia kinapumzika.

Jumanne, 6 Septemba

Sijaita fundi. Fundi akija mchana, Chang'ombe nzima itajua kabla ya adhuhuri. Isitoshe, ninacho kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa lugha ya kwao mhandisi. Nimeelewa picha: mzungu anabonyeza swichi, anatabasamu. Ukurasa unaofuata, mzungu yuleyule, juisi mkononi.

Nikaamua tatizo ni mota. Nikapanda ngazi, nikafungua skrubu nne, nikaichomoa.

Kumbe ndani ya lile bomba kuna springi, na mota ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Turubai likajiviringisha lote kwa mpigo mmoja. Kofia yangu ikaenda nalo. Ngazi ikaanguka, mimi nikabaki nimening'inia kwenye bomba mpaka shemeji Mustapha, kaka yake Yusra, alipopita na msumeno wake akanishusha.

Mustapha ni seremala. Alisema jambo hili ni dogo: nitoe turubai, yeye asimamishe nguzo nne, kazi ya nusu saa. Nikamshukuru kwa adabu. Nguzo nne anazo Matonya. Mimi sikutumia kiinua mgongo changu kuwa Matonya wa pili.

Jumatano, 7 Septemba

Nimepeleka mota mjini kwa Bwana Harshad, muuza vipuri. Akaigeuzageuza, akasema nyingine kama hiyo hata Dar haipo. Nikamuuliza ana nini cha kuzunguka. Akanitolea mota ya wepa za lori, zile za kufuta mvua kwenye kioo, pamoja na vyuma vyake vyote. Tukabadilishana, yangu kwa yake. Alionekana kunionea huruma. Mfanyabiashara mzima na hajui kubana.

Saa tisa nikamaliza kuifunga. Nikabonyeza swichi nyingine niliyoifunga moja kwa moja kwenye betri. Kivuli kikatoka, kama shibiri moja. Kikarudi ndani. Kikatoka. Kikarudi.

Nilikuwa nimesahau wepa hufanya kazi gani.

Kikaendelea hivyo dakika ishirini kwa sababu swichi ilinata. Wateja wa Matonya walidhani kinawapungia. Wakakipungia nao. Mama mmoja aliyepita na kapu la nyanya akakiitikia marahaba.

Yusra alisimama mlangoni muda mrefu, mwiko mkononi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Jumamosi kutakuwa na kivuli au hakutakuwa, ili ajue mapema. Nikamwambia kitakuwepo. Akaitikia kwa kichwa na kurudi jikoni. Hakuimba.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimesalimu amri, kwa siri. Nimemwita Yotham, fundi umeme wa Area D, nikamwambia aje alfajiri na asibebe begi lake la vifaa.

Akaja na testa mfukoni. Akafungua kikasha kidogo ndani ya kabati, kikasha ambacho mimi nilikuwa nikiwekea chumvi juu yake. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akanionyesha. Imeungua. Akaweka nyingine. Muda wote: kama wa kunywa kikombe cha chai.

"Basi," akasema. "Mota haikuwa na kosa. Rudishia, ubonyeze."

Nikarudisha chumvi juu ya kikasha.

"Mzee Rahimu, mota iko wapi?"

Nikamwambia ipo mahali, inasafishwa. Alipoondoka nilikimbia mpaka kwa Harshad bila kunywa chai. Ameshaiuza. Jana ileile. Nikauliza kwa nani. Akasema mtu wa Chang'ombe, mwenye banda la chai.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimetoka msikitini nikakuta watu wamejaa ng'ambo ya barabara. Matonya ameanza kuchoma mbuzi. Mbuzi mzima, kwenye chuma, anazunguka mwenyewe juu ya makaa. Taratibu, bila kukwama. Kwa mota yangu.

Nikavuka. Nikamwambia Matonya kwamba ile mota imeuzwa kwa bahati mbaya. Akasema kwake imekuwa bahati nzuri. Nikamwomba aniazime kwa siku moja tu. Akafikiri, akasema mbuzi wa kesho ameshachinjwa. Kisha akaniambia, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma:

"Jirani, kama jua ni tatizo, lete wageni wako wakae kwangu. Banda ni kubwa. Sitadai kitu."

Nikamjibu kwamba wageni wa Bi Zuleha hawajazoea kukaa chini ya nyasi.

Njiani kurudi nikapata wazo. Springi inavuta, basi kinachotakiwa ni kitu cha kuivuta kinyume. Mnyororo. Pedeli. Nimeazima baiskeli ya Mustapha. Nimemwambia naenda Msalato kumtazama mgonjwa.

Jumamosi, 10 Septemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mguu wa kulia haukunjiki.

Niliifunga baiskeli ndani ya tela, juu ya matofali, mnyororo ukapita dirishani hadi kwenye bomba. Nikafunga mapazia. Nilimwambia Yusra kwamba mitambo ni ya hatari, asiingie mtu. Kwa kuwa jiko ni la humo humo, alipikia nje tangu alfajiri, kwenye mafiga, vumbi likimpiga. Hakulalamika. Alikuwa amevaa gauni la Idi.

Saa saba kamili Bi Zuleha akakaribishwa kubonyeza swichi ya nje, ambayo haikuunganishwa na kitu. Nikakanyaga. Kivuli kikafunguka chote, polepole, kwa heshima. Wageni arobaini wakapiga makofi. Nilisikia Yusra akicheka kwa furaha, na nikiri, machozi yalinilenga.

Ndipo nikagundua kwamba nikiachia pedeli, springi itavuta. Kwa hiyo nikasimama kwenye pedeli. Dakika kumi. Thelathini. Harufu ya pilau ikaingia dirishani, pilau yenyewe haikuingia. Nje Bi Zuleha akauliza yuko wapi Bwana Rahimu, anataka kumpongeza. Yusra akasema pengine amekwenda kuongeza barafu.

Saa nane na nusu mlango ukafunguliwa. Shemeji Mustapha. Alikuwa akiitafuta baiskeli yake.

Akanitazama nilivyoloa jasho, nimesimama juu ya pedeli gizani.

"Shemeji," akasema, "Msalato ndiyo hapa?"

Nilitaka kumjibu vizuri. Mguu ukateleza.

Kivuli kikarudi kwa mpigo mmoja, kikapita na mtandio wa Bi Zuleha. Jua likawashukia wageni kama maji ya ndoo. Kisha nikasikia sauti ya Matonya kutoka ng'ambo akiwaita kwa upole, wapite, nafasi ipo, wabebe na sahani zao. Wakapita wote. Bi Zuleha mbele, ameshika kichwa.

Nilipotoka, Yusra alikuwa peke yake kati ya viti vitupu, akiinua sufuria kubwa. Nikashika mshikio mmoja. Hakunitazama, lakini hakuniondoa mkono. Tukavuka barabara hivyo, mimi nikichechemea.

Bi Zuleha alikula sahani mbili. Kazi ameipata Yusra. Kuanzia Jumatatu.

Jioni Yusra alisema maneno haya tu: "Baba Jaha, kesho Mustapha anasimamisha nguzo nne. Wewe usiguse hata msumari."

Jumatatu, 12 Septemba

Nguzo zimesimama. Mustapha alikata turubai kwa mkasi na kulifunga kwa kamba, dakika ishirini na tano. Mtandio umetoka ukiwa na grisi, kofia yangu pia. Kivuli ni kizuri, sikatai. Hakina maendeleo ndani yake, lakini ni kizuri.

Leo tumepeleka sahani sitini Area D na zote zimerudi tupu. Yusra amenipa kazi moja: kuziosha. Anasema ni kazi isiyo na swichi. Nimeosha hadi alasiri, na wakati mikono iko kwenye povu kichwa hupata nafasi ya kufikiri. Nimeona nilipokosea. Nilianza na kitu kisicho na faida ya moja kwa moja. Kivuli hakiingizi chochote. Sahani ndizo biashara.

Sabuni ilipoisha nikatumwa mjini kununua nyingine. Kwa Bwana Harshad nikakuta mashine, nyeupe, kubwa, imeshushwa kwenye lori asubuhi hiyohiyo. Anasema ni ya kufulia nguo. Nimeichungulia ndani: sahani ishirini zinaenea bila kubanana.

Nimeacha saa yangu ya mkononi kama arubuni. Yusra nitamweleza ikishafika. Haina mota, lakini hilo ni jambo dogo.