Hakimu Aacha Biskuti

Jumatatu, 1 Juni

Mama mkwe kaondoka asubuhi kwenda kwa binti yake mkubwa aliyejifungua. Atakaa huko mwezi na zaidi. Kabla ya kupanda gari alitukalisha sebuleni, mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, akasema akirudi atakitoa chumba cha mbele. Chumba cha mbele! Mlango wake unafunguka barabarani. Mimi nataka kufungua saluni ya kunyoa. Shemeji anataka kuuza makava ya simu, kazi ya mtu asiyetaka kuchoka. Mama mkwe akasema chumba kitakwenda kwa mwenye akili ya kutunza kitu. Halafu akanikabidhi paka. Mimi, si shemeji. Shemeji akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Paka anaitwa Hakimu kwa sababu anakutazama kama mtu aliyekwisha kusikiliza upande wa pili. Adabu yake inajulikana mtaa mzima. Hapandi mezani, hagusi sahani ya mtu, hata nyama ikidondoka husubiri aambiwe. Tangu baba mkwe afariki, Hakimu ndiye anayelala kwenye kiti chake. Mama mkwe anajivunia adabu ya huyu paka kuliko shahada ya mkwe wake. Sina shahada, lakini hata ningekuwa nayo ingekuwa hivyo hivyo.

Jumanne, 2 Juni

Nimempeleka Hakimu kwa daktari wa wanyama. Wazo langu mwenyewe. Nilimbeba kwenye kikapu cha sokoni, mpini ukakatika njiani. Daktari alimpapasa akitafuta mbavu, akasema hajazipata. Tumbo linafagia sakafu. Akasema ni zile biskuti za paka anazomwagiwa kutwa kucha. Apewe chakula halisi, kwa kipimo: samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, kuku, maini kidogo, boga kijiko kimoja, na unga fulani wa virutubisho alionipa. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, ni sumu kwa paka. Halafu akasisitiza nibadilishe taratibu, kijiko cha chakula kipya ndani ya biskuti, niongeze siku hadi siku.

Njiani nilishaona picha nzima. Mama mkwe anarudi, anamkuta Hakimu mwembamba, manyoya yanang'aa, anaruka dirishani kama zamani. Ufunguo unatua kiganjani kwangu. Ila hiyo taratibu ya daktari sikuielewa. Anayeacha sigara anaacha. Mfuko mzima wa biskuti nimempa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ampe mbwa wake, maana mbwa mwenyewe kakonda. Mbwa alishukuru kuliko fundi.

Jumatano, 3 Juni

Hakimu hajala. Nilimwekea samaki na boga kwenye bakuli lake. Akanusa, akanitazama, kisha akaanza kukwangua sakafu kulizunguka bakuli. Nikamwambia mke wangu huyu anafurahi. Shemeji akasema paka hukwangua hivyo anapofukia uchafu wake.

Alhamisi, 4 Juni

Siku ya pili, maji tu. Nimempigia daktari. Akasema paka mnene hatakiwi kukaa na njaa, ini linaweza kuharibika, na akauliza nimekuwa nikichanganya kwa kiasi gani. Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii. Nikakimbia kwa fundi cherehani kudai biskuti. Mbwa alikuwa amelalia mfuko mtupu.

Niliogopa kweli. Si kwa ajili ya chumba peke yake. Nilimwona Hakimu amejikunja kwenye kile kiti cha marehemu, hata mkia hautikisiki, nikajiuliza nitamwambia nini yule mama.

Jioni nimepakua samaki wa Hakimu nimle mwenyewe, maana mke wangu kasema chakula hakitupwi humu ndani. Kijiko cha kwanza tu, simu ikaita. Mama mkwe. Anauliza Hakimu anakula? Nikageukia ukutani nikasema anakula sana, mama, tena kwa raha. Kugeuka, sahani nyeupe. Hakimu yuko juu ya meza, anajilamba masharubu. Kwa hiyo sikudanganya. Niliwahi tu.

Ijumaa, 5 Juni

Nimelichunguza jambo hili kitaalamu. Samaki kwenye bakuli lake: hataki. Samaki kwenye sahani yangu, nikamsogezea: hataki, anaona haya. Samaki kwenye sahani yangu, mimi natafuna huku natazama ukuta: hayupo. Hakimu hakatai chakula halisi. Anakataa kupewa. Anataka kuiba. Daktari kasoma miaka mingapi na hili halijui?

Jumapili, 7 Juni

Kuna kanuni zaidi. Lazima nitafune kweli, si kuigiza. Na lazima nionekane nasikia utamu, la sivyo Hakimu anashuka mezani na kwenda zake. Kwa hiyo leo mchana nilikuwa nimefumba macho, nasema mmh, mmh, tamu hii, mke wangu akaingia. Akauliza hicho ni nini. Nikasema samaki na boga, bila chumvi. Akasema kwamba tangu tuoane hajawahi kuisikia hiyo mmh kwa chakula chake hata siku moja.

Usiku nimepakuliwa samaki na boga, bila chumvi. Nikala.

Jumanne, 16 Juni

Mambo yanakwenda. Hakimu anaiba asubuhi na jioni, kwa kipimo cha daktari. Namchana manyoya kila siku kwa brashi niliyonunua kwa ajili ya saluni. Shemeji kasema wateja watafurahi kujua brashi imeanzia wapi. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayenitakia mema, kwamba inaonekana namfundisha paka wizi. Nikamjibu kwamba namfundisha kujitegemea. Akatabasamu tena.

Mimi bado napakuliwa samaki na boga. Nimejaribu kumsifia mke wangu chai. Akasema nimechelewa.

Ijumaa, 3 Julai

Kwa daktari. Amezipata mbavu! Hakimu amepungua vizuri, macho maangavu, manyoya laini, pumzi safi. Daktari kanipongeza kwa uvumilivu wa kuchanganya kidogo kidogo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa naumwa, maana nimepungua kuliko paka.

Jumamosi, 11 Julai

Mama mkwe karudi. Hakimu aliruka kutoka sakafuni hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi begani kwake. Mama akamkumbatia, akatokwa na machozi, akasema haya ndiyo aliyokuwa akiyafanya Hakimu wakati mzee yu hai. Akanishika mkono akasema kesho baada ya chakula cha mchana nitapewa ufunguo mbele ya watu.

Kaja na mgeni, mkwe mwenzake, yaani bibi wa upande wa pili wa yule mtoto mchanga. Mama mkali, miwani mnyororoni. Inaonekana mwezi mzima wamekuwa wakishindana, huyu anasifia ukoo wake, huyu anasifia adabu ya Hakimu. Mgeni kaja kuiona hiyo adabu kwa macho yake.

Shemeji kanipa hongera. Akasema samaki wa kesho atanunua yeye.

Jumapili, 12 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Samaki walikuwa wakubwa, mmoja kwa kila mtu. Mama mkwe kaanza: Hakimu wangu unaweza kumwachia meza nzima, ukatoka, ukarudi, usipungukiwe hata mwiba. Mgeni akaonja. Akafumba macho. Akasema mmh.

Nililiona kabla halijatokea. Nikanyanyuka. Hakimu akapita juu ya mkate, juu ya mkono wangu, akanyakua kipande cha samaki wa mgeni kutoka kwenye uma ukiwa njiani kuelekea mdomoni. Miwani ikaingia kwenye mchuzi. Hakimu hakukimbia. Alikaa pale pale kati ya meza akala, akimtazama mama mkwe kama mtoto anayeonyesha alama zake za darasani.

Mgeni akafuta miwani, akasema kweli, ameiona adabu. Mama mkwe akauliza nani kamfundisha. Shemeji akatazama dari. Mke wangu ndiye aliyesema. Akaeleza yote, na ile mmh akaieleza mara mbili.

Jumatatu, 20 Julai

Chumba cha mbele nimekipata.

Mama mkwe ameamua kwamba Hakimu hawezi tena kula mbele ya watu, kwa hiyo atakula kwenye chumba cha mbele, mlango umefungwa. Na kwa kuwa haibi bila mwenye mali, mwenye mali ni mimi. Asubuhi na jioni nakaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, sahani ya samaki na boga, natafuna, nasema mmh. Shemeji kapewa baraza iliyo mbele ya mlango. Makava yanauzika. Wateja wake huuliza ni nani analalamika humo ndani.

Lakini kukaa dirishani kuna faida. Namwona mbwa wa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Amenenepa mno, hafiki hata kwenye kizingiti. Fundi kasema tangu zile biskuti nilizompa, mbwa hataki kingine, ikabidi awe ananunua. Nimemweleza fundi kwamba mimi nina uzoefu wa mambo haya, na kwamba barua ya shukrani kutoka kwake, akimwonyesha mama mkwe, ingebadilisha mengi. Nimemwuliza kama mbwa wake ni mwaminifu mezani. Akasema hajapata kuona mbwa mwaminifu kama yule. Vizuri sana. Biskuti zilizobaki kampa jirani leo hii, kwa ushauri wangu. Naanza kesho, moja kwa moja, bila kuchanganya.